Ugonjwa wa sukari na vitu vya kuchangamsha mwili: hatari ambayo makanisa yetu yanapaswa kuijua



Kila tarehe 14 Novemba mataifa yanaadhimisha Siku ya Kisukari Duniani. Ni siku ya kuzaliwa kwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye mwaka 1921, pamoja na Charles Best na wenzao wa Toronto, alifanikiwa kupata insulini. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa sindano hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza alikuwa akingojea kifo tu. Leo mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi, akaoa au kuolewa, akalea watoto na kumtumikia Mungu, mradi apate dawa, chakula na mashauri mema.

Lakini kuna vitu vinavyoweza kuharibu kazi ya dawa hata katika usiku mmoja, na hatuvizungumzii sana katika mafundisho yetu. Ni vile vitu ambavyo watu wanatumia ili wasilale, wasisikie njaa, wasichoke: vinywaji vya nguvu, sigara, majani ya kutafuna, vidonge vya kuongeza nguvu, hata dawa kali za kulevya. Watu wa afya wanaviita vichangamshi.

Tunataka msomaji ashike jambo moja. Kichangamshi hakimpi mgonjwa wa sukari nguvu. Kinamficha uchovu wake, na papo hapo kinamficha hatari iliyo mbele yake.

Kwa nini tunaandika haya Goma

Mji wetu ni mji wa watu wanaofanya kazi za kuchosha. Kuna vijana wa moto wanaoanza asubuhi na mapema na kurudi usiku. Kuna wanaosukuma chukudu zenye mizigo mizito juu ya mawe ya volkano. Kuna walinzi wa usiku, wamama wanaobeba bidhaa mpakani na sokoni Birere, wanafunzi wanaokesha kwa ajili ya mitihani. Kwa miaka mingi vita imewafukuza watu vijijini, na wengi wameishi katika kambi kama Kanyaruchinya na Bulengo. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia katika hali mpya, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa, familia nyingi zimeona kazi ya mtu mmoja ikibeba watu kumi.

Mtu wa namna hiyo akichoka hawezi kusema, “Leo nitapumzika.” Anatafuta kitu cha kumsimamisha. Kitu hicho kinauzwa kila kona, na kwa wengi hakionekani kuwa dawa ya kulevya. Ndiyo maana Mkristo ambaye hawezi kugusa pombe anaweza kunywa chupa tatu za kinywaji cha nguvu kwa siku bila dhamiri yake kumuuliza kitu.

Tena wengi wana ugonjwa wa sukari bila kujua. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba katika ukanda wa Afrika watu wazima milioni 24 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajapimwa wala kuambiwa. Kwa hiyo anayesema, “Mimi si mgonjwa, naweza kunywa,” mara nyingine anasema hivyo kwa sababu hajawahi kutobolewa kidole.

Wengine wanadhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri na wanene. Si kweli. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho hilo lilitambua rasmi aina ya kisukari inayotokana na utapiamlo, na kuiita aina ya 5. Inawapata watu wembamba, ambao wengi wao walikosa chakula cha kutosha tangu utotoni. Katika Kivu yetu, ambako njaa ya vita imelea kizazi kizima, habari hiyo inatuhusu. Mtu wa namna hiyo anahitaji kula vizuri pamoja na kupata matibabu. Kitu kinachomwondolea njaa kinamwongezea ugonjwa.

Sukari inavyotembea mwilini

Chakula tunachokula, kama bugali, viazi, ndizi, mchele au mkate, kinageuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo moto wa kupikia wa mwili: misuli, ubongo na moyo vinaitegemea. Lakini haiwezi kuingia peke yake ndani ya misuli. Inahitaji insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana au ikiwa dhaifu, sukari inabaki ndani ya damu, inaharibu mishipa polepole, huku mwili wenyewe ukiwa na njaa.

Mungu ameweka pia ndani yetu njia ya kukabili hatari. Ukisikia milio ya risasi karibu na nyumba, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, mishipa midogo inajibana, njaa na usingizi vinatoweka, na ini linafungua ghala lake na kumwaga sukari katika damu ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Kwa mtu mzima wa afya, hatari ikipita, kongosho linaleta insulini na kila kitu kinarudi mahali pake.

Vichangamshi vinapiga kengele hiyo hiyo ya hatari, ingawa hakuna risasi wala moto. Mwili unaamini kwamba unakimbia, kumbe mtu ameketi tu juu ya moto yake anangoja mteja. Na kwa mwenye kisukari, hakuna insulini ya kutosha ya kurudisha mambo mahali pake.

Hatari tano

Ya kwanza: sukari inapanda. Ini linamwaga sukari ambayo mwili haukuomba, na insulini iliyopo inashindwa kufanya kazi yake vizuri. Hata kafeini peke yake, bila sukari yoyote, inaweza kupandisha sukari ya mwenye kisukari baada ya kula.

Ya pili: sukari inaweza kushuka ghafla. Watu wanashangaa kusikia hivyo, lakini sababu yake ni nyepesi. Kichangamshi kinaondoa njaa. Mgonjwa amechoma insulini au amemeza glibenklamidi, kisha hakula kwa sababu hakusikia njaa. Dawa haijui kwamba hakula. Inaendelea kushusha sukari. Tena amefanya kazi nzito kuliko kawaida, na misuli imekula ile iliyobaki. Kwa anayetumia metformini peke yake hatari hii ni ndogo zaidi, lakini kwa wa insulini na wa glibenklamidi ni kubwa.

Ya tatu: dalili zinafichika. Sukari ikishuka, mwili unamwonya mgonjwa kwa kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi. Kichangamshi nacho kinaleta kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi. Mgonjwa anasema, “Ni ile chupa niliyokunywa,” kumbe sukari imefika chini. Onyo limekuja, lakini hakulitambua.

Ya nne: moyo, figo na miguu vinaumia mara mbili. Kisukari tayari kinachakaza mishipa ya damu. Kichangamshi kinaibana na kupandisha presha. Mishipa iliyochakaa ikibanwa, moyo unaweza kushindwa, mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka, na kidonda cha mguu hakipati damu ya kukiponya. Katika mji wetu wa mawe makali, ambako wengi wanatembea kwa kandambili, kidonda kidogo cha kidole kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Ya tano: ratiba ya maisha inavunjika. Kisukari kinataka saa ya kula, saa ya dawa, saa ya kulala. Anayetegemea vichangamshi anakesha usiku, analala mchana, anaruka dawa. Akikosa insulini kwa siku kadhaa, mwili unaanza kuunguza mafuta, na damu inajaa asidi. Hali hiyo inaua. Madaktari wa Marekani waliofuatilia wagonjwa waliokuwa wakirudishwa hospitalini mara kwa mara kwa shida hiyo walikuta kwamba utumiaji wa kokaini ni mojawapo ya mambo yanayoambatana nayo.

Usiku mmoja wa mlinzi

Tuchukue mfano, ili maneno haya yasibaki hewani. Tuwaze mlinzi wa usiku mwenye miaka 40, anayetumia insulini mara mbili kwa siku. Saa kumi na mbili jioni anachoma sindano, anakula bugali kidogo na sombe, anaenda kazini. Hadi hapo hakuna ubaya.

Saa nne usiku usingizi unaanza kumsumbua. Anafungua chupa ya kinywaji cha nguvu. Baada ya nusu saa anasikia mwili umekuwa mwepesi. Anavuta sigara. Saa nane usiku anafungua chupa ya pili. Sasa sukari ya chupa mbili, pamoja na ile iliyotoka kwenye ini, iko ndani ya damu yake. Anasikia kiu, anakojoa mara nyingi. Kwa kuwa ana kiu, anaona chupa ya tatu ni msaada. Kumbe inaongeza kiu yenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi anarudi nyumbani. Kinywaji kimemwondolea njaa, na uchovu wote aliouficha unamwangukia kwa mara moja. Anakumbuka dawa, maana ni mgonjwa mwaminifu: anachoma insulini ya asubuhi. Anasema, “Nitakula nikiamka.” Analala.

Insulini inafanya kazi, chakula hakipo. Saa nne asubuhi sukari yake imeshuka sana. Mke wake anaona jasho, anaona anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, lakini anawakataza watoto wasipige kelele: “Mwacheni baba alale, ametoka kazini.” Kwa upendo anamwacha katika usingizi ambao mtu anaweza asiamke.

Katika mfano huu hakuna mlevi. Hakuna aliyekataa dawa. Hakuna aliyekosa upendo. Kilichokosekana ni maarifa ya jambo dogo: anayechoma insulini lazima ale, na mwenye kisukari akilala usingizi usio wa kawaida, aamshwe na apimwe.

Tuvitazame kimoja kimoja

Vinywaji vya nguvu. Soma karatasi iliyo kwenye chupa. Kwa kawaida mililita 250 zina gramu 27 hivi za sukari na miligramu 80 za kafeini. Gramu 27 ni karibu vijiko saba vya chai. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi na vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Kwa hiyo chupa moja ya nusu lita inamaliza siku nzima ya mtu mwenye afya. Kwa mwenye kisukari haina nafasi kabisa. Ile isiyo na sukari nayo ina kafeini, na kafeini inapiga kengele ile ile.

Kahawa na chai. Hapa tusiwaogopeshe watu bure. Kikombe kimoja au viwili vya kahawa ya Kivu, bila sukari, havikatazwi kwa wagonjwa wengi. Shida ni vijiko vinne vya sukari ndani yake, au kunywa kahawa mahali pa kula. Anayeona sukari yake inapanda kila akinywa kahawa, apunguze na amwambie muuguzi wake.

Sigara na tumbaku. Nikotini nayo ni kichangamshi. Wavutaji wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyo kubwa kwa asilimia 30 hadi 40 kuliko wasiovuta. Anayevuta akiwa tayari na kisukari anaharakisha ugonjwa wa moyo, wa figo na wa miguu.

Mirungi. Majani haya, yanayoitwa pia miraa au mayirungi, yanajulikana na madereva wa barabara ndefu za Kenya na Uganda ambazo malori yetu yanapitia. Ndani yake mna kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini. Anayetafuna anaweza kukaa saa nyingi bila kula wala kulala, na mara nyingi anashushia kwa soda. Kwa mwenye kisukari, hayo ni mabaya mawili yaliyofungwa pamoja. Tanzania inahesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, lakini Kenya inaruhusu biashara yake. Sheria za nchi zinatofautiana. Kathinoni mwilini ni ile ile.

Amfetamini na kokaini. Hizi ndizo kali zaidi. Zinaweza kusimamisha moyo hata wa kijana mwenye afya. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama kwa mwenye kisukari.

Vidonge vya “nguvu” vya barabarani. Tramadoli si kichangamshi. Ni dawa ya maumivu ya jamaa ya mofini. Lakini wabeba mizigo na vijana wengi wanaimeza ili wasisikie uchovu. Inaweza kushusha sukari ya damu, inazuia pumzi ikizidi, na inamtia mtu utumwani. Dawa nyingine za mafua zenye pseudoefedrini zinapandisha presha na sukari. Kabla ya kununua kidonge chochote, mwambie muuzaji wa farmasi: “Nina sukari.” Na tusisahau kilichotokea Kinshasa mwaka 2021, wakati vijana walipokuwa wakitumia “bombé”, unga uliotolewa kwenye ekzosti za magari na kuchanganywa na vidonge. Anayenunua kitu barabarani hajui anachomeza.

Pombe pamoja na kinywaji cha nguvu. Wengine wanachanganya pombe kali za chupa ndogo na kinywaji cha nguvu. Pombe inalizuia ini lisitoe sukari, kwa hiyo saa nyingi baadaye, hata asubuhi, sukari inaweza kushuka vibaya. Kinywaji cha nguvu nacho kinamfanya asijisikie kulewa. Kimoja kinamsukuma shimoni, kingine kinamfumba macho.

Kesha, mfungo na dawa

Hapa tunazungumza nyumbani kwetu. Makanisa yetu yanapenda kesha, na ni jambo jema. Lakini tumeona jinsi chupa za kinywaji cha nguvu zinavyopita kwa waimbaji na vijana ili wafike asubuhi. Kwa mwenye kisukari, kesha pamoja na mfungo pamoja na kinywaji hicho ni mtego wa pande tatu.

Wachungaji na wazee wa kanisa wanaweza kusaidia kwa maneno machache kabla ya kesha kuanza: wenye sukari waje na chakula chao, wale kwa saa zao, na mtu asiwahukumu. Mgonjwa wa insulini asifunge bila kuzungumza na daktari wake. Anaweza kujinyima kitu kingine na kumpa Bwana saa za maombi. Mungu anauona moyo.

Tena, mtu akianza kutokwa na jasho katikati ya maombi, akisema maneno yasiyoeleweka, akianguka, tusikimbilie kusema ni pepo. Akipumua kwa nguvu na kutapika, tusikimbilie kusema amelishwa karuho. Tuombe, na huku tunaomba, mmoja aulize, “Ana sukari?” na mwingine atafute mashine ya kupima. Mtume Paulo alisafiri pamoja na Luka na kumwita daktari mpendwa, katika Wakolosai sura ya 4. Hakuona haya kuwa na imani na kuwa na daktari.

Dalili na la kufanya

Sukari ikishuka, yaani chini ya 70 kwa mashine zetu: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu, kuonekana kama mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, mpime tena; kama bado iko chini, rudia. Akipata nafuu ale chakula. Kama hana mashine, msimngojee: mpeni sukari. Kama amezimia, msimwagie kitu kinywani, maana kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mpelekeni hospitali mara moja.

Sukari ikipanda sana: kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, macho kuona ukungu, uchovu. Zikiongezeka kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa haraka na kwa kina, au harufu ya matunda yaliyoiva sana kinywani, hiyo ni dharura. Asiambiwe angoje kesho.

Maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda: hospitali mara moja, na mwambieni daktari ukweli wote kuhusu alichotumia. Daktari hatafuti wa kumshitaki. Anatafuta dawa isiyogongana na ile iliyo tayari mwilini.

Anayetaka kuacha vichangamshi ajue kwamba siku za kwanza ni ngumu. Atalala sana, atasikia njaa sana, moyo utakuwa mzito. Njaa hiyo itabadilisha sukari yake, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi na muuguzi amsaidie kupanga upya kipimo cha dawa. Asiache insulini hata siku moja. Na asiwe peke yake.

Kanisa lifanye nini

Kanisa la Kristo katika Kongo lina historia ndefu ya kazi ya afya, na hapa Goma watu wengi wametibiwa katika hospitali ya CBCA Virunga na ya HEAL Africa. Lakini mgonjwa anaonana na daktari dakika chache kwa mwezi. Siku nyingine zote yuko pamoja nasi.

Kwanza, tuulize kwa upole. Mgonjwa akiona kwamba neno “sigara” au “kidonge” litamfanya asimamishwe katika kwaya, atanyamaza. Atanyamaza pia mbele ya muuguzi, na ukimya huo unaweza kumuua. Tuikemee dhambi, lakini tusifunge mlango ambao mtu angepitia kusema ukweli.

Pili, tupime watu. Idara ya wamama na idara ya vijana zinaweza kumwalika muuguzi mara moja kwa miezi mitatu, baada ya ibada. Kipimo cha kidole kinachukua dakika moja. Asubuhi kabla ya kula, mtu akiwa na 126 au zaidi, na ikithibitishwa tena kwa kipimo cha pili, ana kisukari na aanze matibabu.

Tatu, kila familia yenye mgonjwa ijue saa zake za dawa na za chakula, na mgonjwa mwenyewe atembee na vipande vya sukari mfukoni. Dereva wa moto mwenye kisukari asiwashe moto kama sukari iko chini. Maisha mawili yako juu ya kiti hicho.

Nne, tuangalie kazi yenyewe. Mwajiri Mkristo anayemweka mlinzi saa 12 kila usiku bila siku ya kupumzika, kisha anashangaa kwamba mlinzi anaishi kwa vinywaji vya nguvu, ajiulize kama hakumsukuma huko. Kumpa mfanyakazi chakula cha usiku kunagharimu kidogo kuliko jeneza.

Mnakumbuka nabii Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Alikuwa amechoka hadi akaomba afe, akalala chini ya mti jangwani. Bwana hakumpa kitu cha kumkesheza. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa tena ale, maana safari ilikuwa ndefu. Ndipo akaenda hadi Horebu.

Safari ya watu wa Goma ni ndefu nayo, na kati yetu wako wanaoitembea wakiwa na ugonjwa usioonekana kwa macho. Tukimwona ndugu amechoka, tumpe mkate, maji na nafasi ya kulala, na tumuulize kama amemeza dawa yake leo. Bwana awatie nguvu, nguvu ya kweli, na awalinde wagonjwa wetu wote.